Ushahidi wa Daktari kwa Ajili ya Marehemu

Kifo kinapotokea mikononi mwa daktari, mambo mawili hutakiwa kwake kwa wakati mmoja, na si kila mara mambo hayo hupatana. Wafiwa hutaka kumsitiri mtu wao mapema, kwa heshima na bila bughudha. Sheria nayo hutaka kujua kilichomuua, na pale ambapo sababu haijulikani, au kifo hakikutokana na maradhi ya kawaida, hutaka swali hilo lijibiwe na mtu mwingine asiye daktari aliyemtibu. Katika Uingereza na Wales mtu huyo ni mchunguzi wa vifo, ofisa huru wa kimahakama ambaye katika lugha ya kisheria huitwa koroneri, naye katika miaka ya karibuni amekuwa akipokea taarifa za takriban theluthi moja ya vifo vyote vinavyosajiliwa huko. Daktari anayepeleka taarifa kwake hujiuliza kwanza maswali ya kiofisi: ataandikiwa lini, ataitwa kutoa ushahidi au hataitwa, jina lake litatajwa au litaachwa. Nyuma ya maswali hayo limo swali la kifalsafa na la kidini ambalo halijibiwi na fomu yoyote, nalo ni hili: aliyekufa anawadai nini walio hai, na ni nani mwenye haki ya kusimulia jinsi alivyokufa?

Hoja inayotetewa katika insha hii ni kwamba daktari, mara tu anapotoa taarifa, huacha kuwa mwamuzi wa kifo hicho na kuwa shahidi wake, na kwamba kushuka huko kutoka kiti cha mwenye kujua hadi kizimba cha mwenye kuulizwa, hata kunapouma, ndiko kunakompa marehemu haki ambayo hawezi tena kuidai kwa kinywa chake. Waswahili husema maiti haulizwi sanda, na ukweli wa methali hiyo ndio unaoweka mzigo mabegani mwa walio hai: kwa kuwa haulizwi, hana budi kusemewa, na anayemsemea hana budi naye kuulizwa.

Ofisi na utaratibu wake

Cheo cha mchunguzi wa vifo kilianzishwa Uingereza mwaka 1194, zama za Mfalme Richard wa Kwanza, na wakati huo kazi yake kubwa ilikuwa kulinda mapato ya taji, kwa kuwa kifo cha ghafla kiliweza kumletea mfalme faini au mali iliyotaifishwa. Katika karne zilizofuata ofisi hiyo iligeuka taratibu, ikaacha kuhesabu fedha za mfalme na kuanza kutafuta ukweli kwa niaba ya umma. Leo inaongozwa na sheria ya mwaka 2009 iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2013, inayomtaka mchunguzi aanze uchunguzi anapokuwa na sababu ya kushuku kwamba kifo kilitokana na nguvu au jambo lisilo la maumbile, au kwamba sababu yake haijulikani, au kwamba marehemu alikuwa kizuizini mwa dola. Kwa muda mrefu taarifa za madaktari zilitegemea desturi na nidhamu ya taaluma. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2019 kanuni maalumu zilizifanya kuwa wajibu wa kisheria. Tena, tangu tarehe 9 Septemba 2024, kifo ambacho hakiendi kwa mchunguzi hupitiwa na daktari mkaguzi, yaani daktari mwandamizi ambaye hakumtibu marehemu, na ambaye husoma kumbukumbu za matibabu na kuzungumza na wafiwa kabla cheti cha sababu ya kifo hakijapelekwa kwa msajili.

Baada ya taarifa kupokelewa, njia tatu hufunguka. Ya kwanza ni fupi: maofisa wa mchunguzi huuliza maswali machache, mchunguzi huridhika kwamba hakuna jambo la kisheria linalomhusu, na shauri hurudi kwa daktari na mkaguzi ili cheti kitolewe. Ya pili ni uchunguzi wa maiti unaofanywa na daktari wa patholojia, yaani mtaalamu wa kutambua maradhi kwa kukagua viungo na tishu, na ukionyesha maradhi ya kawaida, mara nyingi mambo huishia hapo. Ya tatu ni baraza la uchunguzi, ambalo ni kikao cha wazi chenye kazi ya kujibu maswali manne tu: marehemu alikuwa nani, alikufa lini, wapi na kwa namna gani. Kanuni zinataka baraza hilo likamilike ndani ya miezi 6 inapowezekana, ingawa mashauri mengi huchukua muda mrefu zaidi. Katika njia hii daktari hutakiwa kuandika maelezo, na pengine kufika mwenyewe, kula kiapo kwa kitabu cha dini yake au kutoa tamko la ahadi, kisha kuulizwa na mchunguzi na baadaye na wafiwa au mawakili wao.

Kadari na sababu

Pingamizi la kwanza dhidi ya utaratibu huu halitoki kwa wanasheria. Linatoka matangani, ambako wafiwa hufarijiana kwa kusema kwamba siku zake zimefika na kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ikiwa ajali imeandikwa, yaani ule muda ambao Mungu amempangia kila kiumbe, basi kuuliza kilichomuua mtu huonekana kuwa kazi bure, na pengine hata utovu wa adabu mbele ya Muumba. Pingamizi hili lina uzito, na anayelipuuza hawezi kuelewa kwa nini familia nyingi za Waislamu na Wakristo huona simu ya ofisa wa mchunguzi kama uvamizi wa msiba.

Hata hivyo, mapokeo hayohayo ya dini yana jibu lake. Waislamu husimulia kwamba Khalifa Umar bin Khattab, alipokuwa njiani kwenda Sham na kupata habari za tauni ya Amwas, aliamua kurudi na watu wake, na alipoulizwa na Abu Ubaida kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwa maana kwamba anatoka katika kadari moja ya Mungu na kuingia katika nyingine. Maana ya jibu hilo ni kwamba amri ya Mungu hupita katika sababu, na mwenye kuzijua sababu na kuzifuata hatoki nje ya amri hiyo. Tauni ilikuwa kadari, na kujiepusha nayo kulikuwa kadari pia. Mtu akikubali hoja hii kuhusu maradhi, hana njia ya kuikataa kuhusu kifo: kusema kwamba Mungu amemchukua mja wake ni kauli juu ya mwisho wa maisha na mwenye kuyamiliki, ilhali kusema kwamba alikufa kwa sababu dawa mbili zilichanganywa vibaya ni kauli juu ya mikono iliyozitoa. Kauli ya kwanza haiifuti ya pili, na inapotumiwa kuifuta, faraja hugeuka pazia la kufunika uzembe.

Je, aliyekufa anaweza kudai?

Pingamizi la pili ni la wanafalsafa. Epikuro, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba kifo hakituhusu, kwa kuwa tunapokuwapo chenyewe hakipo, nacho kinapofika sisi hatupo tena. Na kama ni hivyo, marehemu hana jambo linaloweza kumdhuru wala kumnufaisha, na uchunguzi wote ni kwa ajili ya walio hai. Aristotle alikuwa mwangalifu zaidi. Katika kitabu chake cha maadili kinachojulikana kwa jina la Nikomako aliona kwamba si rahisi kukana kabisa kuwa mambo yanayotokea baada ya mtu kufa, kama heshima au fedheha ya watoto wake, yana uhusiano fulani na wema wa maisha aliyoyaishi, ingawa uhusiano huo aliuona kuwa dhaifu.

Jibu linaloridhisha zaidi kuliko hoja ya Epikuro hutokana na kuangalia madai yalianza lini. Mgonjwa aliyeingia hospitalini aliukabidhi mwili wake kwa watu asiowafahamu kwa sharti ambalo halikuandikwa, lakini lilijulikana na pande zote mbili: kwamba wangemtendea kwa uaminifu, na kwamba wangekuwa tayari kueleza walichomtendea. Ahadi hiyo ilifungwa na mtu aliye hai. Kifo kinamwondoa mdai, ila deni linabaki kwa mdaiwa, kama vile wosia unavyobaki kuwa wosia baada ya aliyeuandika kuzikwa, na kama vile deni la fedha, kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, linavyotangulia urithi wa watoto. Ukweli kuhusu kifo chake ni sehemu ya deni hilo.

Maandiko matakatifu yanakwenda mbali zaidi, kwa sababu yanaufanya ukweli huo kuwa deni la jamii nzima. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, panatajwa mtu aliyekutwa ameuawa kondeni na muuaji hajulikani. Wazee na waamuzi hutoka na kupima umbali kutoka alipolala maiti hadi miji ya jirani. Wazee wa mji ulio karibu zaidi humchukua mtamba, ng'ombe jike asiyewahi kufungwa nira, wakamvunja shingo bondeni penye maji yatiririkayo, wakanawa mikono juu yake na kutamka kwamba mikono yao haikuimwaga damu hiyo wala macho yao hayakuona. Ibada hiyo haimtaji mshukiwa. Inadai kwamba watu wenye dhamana watoke majumbani mwao, wafike mahali pa kifo, wapime, na watamke hadharani wanachokijua na wasichokijua. Sheria ya Kiislamu nayo ina kasama, utaratibu wa viapo 50 mtu anapokutwa ameuawa na hakuna ushahidi kamili. Katika madhehebu ya Hanafi wanaoapa ni wakazi wa mahali hapo, na kisha hulipa dia, yaani fidia ya damu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki, palipo na dalili ya kumshuku mtu fulani wanaoanza kuapa ni warithi wa aliyeuawa. Tofauti hiyo ya kifikihi ni kubwa, lakini pande zote zinakutana katika jambo moja: damu ya mwanadamu haiachwi ipotee hivihivi, na ukimya wa wanaoishi karibu nayo haukubaliwi kuwa jibu.

Kutoka mwamuzi hadi shahidi

Kwa nini basi asiachiwe daktari aseme mwenyewe, ikiwa yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi? Historia ya karibuni ya Uingereza ina jibu zito. Harold Shipman, daktari wa familia mjini Hyde, karibu na Manchester, alitiwa hatiani Januari 2000 kwa kuwaua wagonjwa wake 15, na tume iliyoongozwa na Jaji Janet Smith ilieleza mwaka 2002 kwamba waliouawa naye walikuwa 215. Aliweza kuendelea kwa miaka mingi kwa sababu yeye aliyewaua ndiye aliyeandika vyeti vya sababu za vifo vyao, na kwa kuandika maradhi ya kawaida aliwaweka mbali na macho ya mchunguzi. Alipenda pia kubadilisha kumbukumbu za matibabu baada ya mtu kufa, akiingiza dalili za maradhi ambazo mgonjwa hakuwa nazo na kuzirudisha nyuma kwa tarehe, bila kutambua kwamba kompyuta ilikuwa ikihifadhi siku na saa halisi ya kila alichokiandika. Saa hizo zilimuumbua.

Shipman alikuwa mhalifu, na ingekuwa dhuluma kuwapima madaktari wengine kwa kipimo chake. Funzo lake halihusu uovu peke yake, bali muundo uliouruhusu: mtu mmoja alikuwa mtendaji, shahidi na mwamuzi wa tendo lilelile. Daktari mwadilifu aliyekosea kipimo cha dawa usiku wa manane naye yumo katika muundo huo, na moyo wake, bila kukusudia kudanganya, utamvuta kwenye simulizi inayomwacha salama. Ndiyo maana hekima ya utaratibu wa mchunguzi ni kumtenga mtu na kesi yake mwenyewe, hata kama mtu huyo ni mwema, na pengine hasa kama ni mwema, kwa kuwa mwema ndiye anayeaminiwa bila kuulizwa.

Maelezo ya maandishi ndipo mahali ambapo mabadiliko haya yanaonekana kwa karibu. Daktari anapoandika kwa mchunguzi, hutakiwa kutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganyika: anachokikumbuka, kilichoandikwa kwenye faili, na anachodhani alikifanya kwa sababu ndiyo kawaida yake. Sentensi isemayo kwamba mgonjwa alipimwa shinikizo la damu inaweza kutoka katika chemchemi yoyote kati ya hizo tatu, na shahidi mwaminifu hana budi kusema ni ipi. Hutakiwa pia kutaja saa, kueleza istilahi za kitabibu kwa lugha ambayo mjane au mzazi ataielewa, kutoongeza wala kufuta neno katika faili la zamani, na kukiri wazi pale ambapo ujuzi wake unaishia. Kwa mtu aliyezoea kutoa majibu, kuandika kwamba jambo fulani hakulijua ni zoezi gumu la nafsi.

Qurani, katika Sura An-Nisaa aya ya 135, inawaamuru waumini wasimame imara katika uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Mungu hata kama ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao; na katika Sura Al-Baqara aya ya 283 inauhesabu moyo wa mwenye kuficha ushahidi kuwa ni moyo wenye dhambi. Sheria ya Uingereza haidai kiasi hicho. Kanuni za baraza la uchunguzi zinampa shahidi haki ya kutojibu swali linaloweza kumtia hatiani, na mchunguzi analazimika kumjulisha haki hiyo. Msomaji anaweza kuona hapa mgongano kati ya dini na sheria, lakini fikihi yenyewe ina tofauti inayosaidia kuuelewa. Wanazuoni hutenganisha haki ya Mungu na haki ya mja: dhambi iliyo kati ya mtu na Mola wake anaruhusiwa kuisitiri na kuitubia kimya, ama iliyogusa mwili au mali ya mtu mwingine haiishi kwa toba ya faraghani mpaka mwenye haki aridhishwe. Sheria inapomlinda shahidi asijitie hatiani, inamlinda dhidi ya nguvu ya dola, ambayo mara nyingi imetumiwa vibaya. Haimwambii kwamba dhamiri yake haina deni. Daktari muumini anaweza kuitumia haki hiyo kwa ushauri wa wakili wake bila kuvunja sheria, lakini hawezi kuifanya kuwa kibali cha kuwanyima wafiwa jambo ambalo ni lao.

Jambo moja hupunguza uzito wa zoezi hili, nalo ni kwamba baraza la uchunguzi haliundwi kwa ajili ya kutafuta wa kulaumiwa. Sheria ya mwaka 2009 inakataza uamuzi wake usomeke kana kwamba umemtia mtu aliyetajwa kwa jina hatiani katika jinai, au umemwamulia mtu yeyote dhima ya madai. Hapana mshtaki na hapana mshtakiwa. Kutenganisha ukweli na lawama kwa namna hii ni jambo lenye thamani kubwa ya kimaadili, kwa kuwa swali la nani alaumiwe likitangulia, kila shahidi hujenga ukuta, na swali la nini kilitokea hukosa pa kuingilia. Pamoja na hayo, ingekuwa kumdanganya daktari kumwambia kwamba hana la kuhofia: yaliyosemwa hapo yanaweza kufuatiwa na madai ya fidia, na uongo chini ya kiapo ni kosa la jinai. Anachoweza kutarajia kwa haki ni kuulizwa kwanza kuhusu kilichotokea, na kuulizwa na mtu asiye na faida katika jibu.

Heshima ya mwili na mipaka ya uchunguzi

Ikiwa daktari ana deni la ukweli, mchunguzi naye ana deni la heshima, na hapa ndipo dini zimeusaidia utaratibu wa Uingereza kujikosoa. Mchunguzi akiona lazima, anaweza kuamuru maiti ichunguzwe bila ridhaa ya familia, na kwa Waislamu na Wayahudi amri hiyo hugusa mambo mawili mazito: kuharakisha mazishi, na kutovunja hadhi ya mwili. Mapokeo ya Mtume yaliyosimuliwa na Bibi Aisha yanalinganisha kuuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja ukiwa hai. Hata hivyo, mafakihi hawakulifanya katazo hilo kuwa lisilo na mwanya. Wanazuoni wa Kishafii waliruhusu kupasua tumbo la mama aliyefariki ili kumtoa mtoto anayetarajiwa kuishi, na Baraza la Fikihi la Makka, katika kikao chake cha 10 mwaka 1987, liliruhusu upasuaji wa maiti kwa haja kama vile kubaini sababu ya kifo katika shauri la jinai, likisisitiza kwamba usivuke kiasi kinachohitajika. Kanuni inayotawala hapa ni kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, lakini nayo hupimwa kwa kadiri yake.

Kanuni hiyo imepata mwangwi katika mahakama za London. Mwaka 2015 Mahakama Kuu, katika shauri la familia ya Kiyahudi, ilieleza mazingira ambayo mchunguzi anapaswa kukubali njia isiyopasua mwili, kama picha za skana, pale ambapo imani ni ya kweli na kuna matumaini ya haki kwamba njia hiyo itaonyesha sababu. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ilibatilisha sera ya mchunguzi mmoja wa London aliyekuwa ametangaza kwamba hakuna kifo kitakachotangulizwa kwa sababu ya dini ya marehemu, na kwamba kila mmoja angesubiri zamu yake. Sera hiyo ilionekana ya haki kwa kuwa ilimtendea kila mtu sawasawa. Mahakama ikaona kwamba kumfungia mlango mtu ambaye kucheleweshwa kunamuumiza kuliko wengine, bila hata kumsikiliza, ni ubaguzi wenye sura ya usawa. Uamuzi huo haukutoa ruhusa kwa dini yoyote kuamrisha. Ulidai tu kwamba kila ombi lipimwe kwa hali yake.

Daktari ana nafasi katika jambo hili ambayo mara nyingi hupuuzwa. Taarifa iliyopelekwa mapema, yenye historia kamili ya maradhi, maoni ya wazi kuhusu sababu inayodhaniwa na maneno machache kuhusu matakwa ya familia, inaweza kumwezesha mchunguzi kuridhika bila kisu. Taarifa iliyochelewa na kuandikwa kwa haraka mara nyingi huishia katika upasuaji ambao ungeweza kuepukwa. Kwa hiyo bidii katika kuandika ni njia mojawapo ya kuuheshimu mwili.

Uchunguzi nao hukosea

Haitoshi kumsifu mchunguzi, kwa kuwa naye ni binadamu na hutegemea wataalamu ambao nao ni binadamu. Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa mpira walibanwa katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, na waliokufa walihesabiwa kuwa 96 katika baraza la mwisho la uchunguzi. Baraza la kwanza lilikataa ushahidi wa mambo yaliyotokea baada ya saa 9:15 alasiri, kwa imani ya kitabibu kwamba wakati huo wote walikuwa wameshapata majeraha yasiyopona, na mwaka 1991 likaamua kwamba vilikuwa vifo vya ajali. Jopo huru lilieleza mwaka 2012 kwamba 41 kati yao huenda wangeweza kuokolewa. Uamuzi wa awali ukabatilishwa, na mwaka 2016 jopo la raia walioapishwa likaamua kwamba waliuawa kinyume cha sheria. Familia zilisubiri miaka 27. Saa ile moja ya kukomea, iliyowekwa kwa uhakika wa kitaalamu, ilikuwa imeyafunga maswali yote ambayo kina mama na kina baba walitaka kuyauliza.

Afrika Mashariki, iliyorithi sehemu ya sheria hizi kutoka kwa wakoloni wa Kiingereza, ina mfano wake. Nchini Kenya uchunguzi wa namna hii umekuwa mikononi mwa mahakimu. Padre John Kaiser, mmisionari Mmarekani aliyewatetea waliofukuzwa katika ardhi zao, alikutwa amekufa karibu na Naivasha mwezi Agosti mwaka 2000. Makachero wa Marekani walifikia hitimisho kwamba alijiua; uchunguzi wa wazi mbele ya hakimu uliikataa nadharia hiyo mwaka 2007 na kusema kwamba aliuawa. Aliyemuua hakupatikana kwa uamuzi huo. Hata hivyo, kwa padre wa kanisa linalofundisha kwamba uhai ni amana ya Mungu, tofauti kati ya kujiua na kuuawa ni tofauti ya maisha yake yote, na kulisafisha jina lake lilikuwa jambo la haki hata bila mshtakiwa kizimbani.

Mifano hii inaonyesha kwamba thamani ya utaratibu huu haimo katika kutokosea kwake. Imo katika uwazi unaoruhusu kosa kuonekana na shauri kufunguliwa upya. Sheria ya Uingereza inakwenda hatua moja zaidi: mchunguzi anapobaini hatari inayoweza kuua wengine, hulazimika kuandika taarifa kwa mwenye uwezo wa kuiondoa, na mwandikiwa hutakiwa kujibu ndani ya siku 56, akieleza atakachokifanya au kwa nini hatafanya lolote. Kwa njia hiyo kifo cha mgonjwa mmoja huweza kubadilisha namna dawa inavyowekewa lebo, au namna wodi inavyokabidhiwa zamu ya usiku. Wafiwa wengi wanaofika mbele ya baraza husema kwamba hawataki fidia wala adhabu. Wanataka yaliyowapata yasimpate mtu mwingine.

Kwa hiyo daktari anayeuliza anachoweza kutarajia baada ya kutoa taarifa anastahili jibu la kweli. Atarajie kungoja, kuulizwa zaidi ya mara moja, kusikia matendo yake yakisomwa na watu ambao hawakuwapo, na pengine kuketi hatua chache kutoka kwa mama wa marehemu akijibu swali kama mwanawe aliteseka. Asitarajie kwamba nia yake njema itakubaliwa kuwa ushahidi. Mficha maradhi, husema wahenga, kifo humuumbua. Na taaluma inayoficha makosa yake huumbuliwa na vifo vinavyofuata, ambavyo vingeweza kuzuiwa. Daktari aliyesema alichokiona, akataja asichokijua na kukubali kuulizwa, amemlipa marehemu sehemu ya deni iliyo katika uwezo wake, na ameweka msingi wa pekee ambao juu yake mgonjwa wa kesho anaweza kuukabidhi mwili wake kwa mikono ya mgeni.